Lianda Vitani: Mila Kumi za Chuo Kilichosoma Chini ya Mabomu, kwa Mpangilio Usiopingika (Najua Mtapinga)

Julai 1937 jeshi la Japani lilivamia kaskazini ya China. Kabla mwezi haujaisha, mabomu yalikuwa yameshakibomoa Chuo Kikuu cha Nankai mjini Tianjin, na Beijing ilikuwa inaangukia mikononi mwa wavamizi. Vyuo vitatu, Peking, Tsinghua na Nankai, vikafungasha virago na kukimbilia Changsha, mkoani Hunan. Vita vikawafuata huko huko. Wakafungasha tena, safari hii mpaka Kunming, mkoani Yunnan, pembe ya kusini-magharibi ambako nchi inakaribia kwisha. Hapo vyuo vitatu vikawa kimoja, kikajulikana kwa jina fupi la Lianda, na kikafundisha kuanzia 1938 hadi 1946.

Wengi wakisimulia habari za Lianda huanza na tuzo za Nobeli. Mimi naona tuzo ni matunda, na ninachokitaka hapa ni shamba: walikaaje, walikula nini, walidoji vipi vipindi. Basi nimezipanga mila zao kumi kuanzia ya mwisho kwenda ya kwanza. Kipimo ni kimoja tu: mila iliyowasaidia watu kuendelea kusoma inapanda, iliyotuchekesha tu inabaki chini. Kuruka namba ruksa. Kubisha ruksa zaidi.

10. Kiti chenye paja

Madawati hayakuwapo. Kulikuwa na viti vya mbao vyenye mkono mmoja wa kulia uliotanuka kwa mbele ili mtu aweke daftari. Yunnan inasifika kwa paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na mkono wa kiti ulifanana na paja hilo chapa. Wanafunzi, ambao nyama waliiona kwa nadra, wakaviita viti vya paja.

*Hukumu:* Kiti kizuri kwa kuandikia, kibaya kwa mwenye njaa. Namba kumi inakitosha.

9. Bweni la watu arobaini

Ramani ya chuo ilichorwa na mtu na mkewe, Liang Sicheng na Lin Huiyin, wasanifu majengo mashuhuri kuliko wote China ya wakati ule. Walichora chuo cha kisasa, wakaambiwa fedha hazitoshi. Wakachora kidogo zaidi, hazitoshi. Waliendelea kupunguza mpaka ghorofa zikaisha, matofali yakawa udongo, madarasa yakapata mabati na mabweni yakaezekwa nyasi. Fikiria wasanifu wa hadhi hiyo wakikabidhi mchoro wa banda la udongo. Walikabidhi, na banda likasimama.

Ndani ya kila bweni kulikuwa na dabodeka 20, watu 40. Waliotaka faragha walisogeza vitanda na kutundika shuka, kikapatikana chumba ndani ya chumba. Mwandishi Wang Zengqi, aliyesoma hapo, alikuwa mtu wa kukesha na vitabu; alirudi kulala jogoo wakiwika, saa ile ile jirani yake wa kitanda cha chini alipokuwa anaamka. Walilala dabodeka moja karibu mwaka mzima na hawakuonana kisawasawa.

*Hukumu:* Dawa bora ya ugomvi wa bwenini iliyowahi kugunduliwa: mmoja asome usiku, mwingine mchana.

8. Wali wa hazina nane

Hazina nane ni wali mtamu wa sikukuu wa Kichina, wenye matunda makavu na kokwa za kila namna. Wanafunzi wa Lianda walichukua jina hilo wakalibandika kwenye wali mwekundu wa kantini yao. Hazina zenyewe: makapi, mchanga, vijiwe, mbegu za magugu, na mavi ya panya. Ukitaka zitimie nane, endelea kutafuna, zitatokea.

Profesa Pan Guangdan, mwanasosholojia, alilichukulia suala la panya kwa upande wa pili. Husimuliwa kwamba aliwatega nyumbani kwake, akawapikisha, akala na familia yake, na akasifu nyama.

*Hukumu:* Wanafunzi walikula mavi ya panya, profesa akala panya mwenyewe. Kupanda cheo chuoni kulikuwa na faida zake.

7. Mavazi na ndevu

Baridi ya Kunming ni ya mlimani, na mfumuko wa bei ulikuwa umeshakula mishahara. Zhu Ziqing, mwandishi ambaye insha zake husomwa shuleni China hadi leo, alinunua joho la sufu nzito la wachunga nyumbu. Mchana akafundishia, usiku akajifunika. Zeng Zhaolun, mwanakemia, alikuja darasani na viatu vilivyotoboka mbele, vidole vikichungulia wanafunzi.

Lakini bingwa wa namba hii ni Wen Yiduo, malenga na mwalimu wa fasihi. Mwanzoni mwa 1938 aliacha kunyoa ndevu, akaapa hazitaguswa mpaka Japani ishindwe. Ndevu zikaota miaka saba na ushei. Agosti 1945 Japani ikasalimu amri, naye akanyoa.

*Hukumu:* Joho lilitunza mwili, ndevu zilitunza ahadi. Ndevu zinashinda, na zilikuwa bure.

6. Kazi za pembeni

Mkuu wa chuo, Mei Yiqi, alikuwa na mke aliyeitwa Han Yonghua. Mama huyu pamoja na wake wa maprofesa wengine walipika keki za mchele, wakazipa jina lenye maana ya ushindi wa hakika, naye Han akazipeleka mjini kwa miguu ziuzwe dukani. Mke wa mkuu wa chuo! Naomba usome haraka nyingine zote ila hapa usimame kidogo. Mei Yiqi alikuwa na dhamana juu ya fedha za chuo kizima, na nyumbani kwake unga ulipimwa kwa vijiko.

Wen Yiduo yule wa ndevu alichonga mihuri kwa malipo, na maprofesa wenzake wakamwandikia tangazo la bei wakalitia sahihi zao. Wanafunzi nao walifundisha sekondari, wakahudumu ofisini na madukani, na husimuliwa kwamba hata mzinga uliopigwa kila adhuhuri kuwajulisha watu wa Kunming kuwa ni saa sita ulikuwa kibarua cha mwanafunzi wa Lianda.

*Hukumu:* Mji mzima ulirekebisha saa zake kwa kijana ambaye pengine alikuwa amekosa kipindi cha asubuhi.

5. Lekcha kutoka kichwani

Vitabu vingi vilibaki nyuma au vilikwama njiani. William Empson, mshairi na mhakiki wa Kiingereza, alifika China 1937, vita vikiwa vimeshaanza, akakuta idara yake imehamia Nanyue, kwenye mlima, bila maktaba. Akapiga taipu mashairi ya Kiingereza kutoka kichwani mwake ili wanafunzi wapate cha kusoma. Shakespeare pia alitoka humo humo kichwani. Baadaye aliwafuata hadi Yunnan, akaendelea na mtindo ule ule.

Ndipo unapoona thamani ya kile ambacho wazee wa madrasa na walimu wa zamani walikisisitiza sana: kukariri. Tumezoea kukidharau. Lianda, mtu aliyekuwa amekariri alikuwa ndiye maktaba, na wanafunzi walimkalia foleni.

*Hukumu:* Kitabu kinaungua, kinaibwa, kinaliwa na mchwa. Kilichomo kichwani kinakuja na mwenyewe, na hakilipiwi mzigo.

4. Kipindi kinaahirishwa, tusikilize mvua

Yeyote aliyesoma chini ya bati anajua: mvua ikishuka, mwalimu anabaki kuchezesha midomo. Chen Daisun, profesa wa uchumi, mtu nadhifu aliyesifika kwa kumaliza mhadhara sawia na kengele, alikutwa na mvua ya Yunnan katikati ya somo. Akapaza sauti, wapi. Akapaza tena, wapi. Akachukua chaki, akaandika ubaoni maneno machache tu: kipindi kimesimama, tufurahie mvua. Akakaa. Darasa zima likakaa naye, likisikiliza bati likipigwa.

Sasa utauliza, kwa kipimo changu, kuahirisha somo kunapandaje hadi namba nne? Kwa sababu wanafunzi wale waliyasahau mengi ya uchumi lakini siku hiyo hawakuisahau. Walijifunza kwamba mtu anaweza kufukuzwa kwake, akapoteza nyumba na vitabu, na bado akawa na nafasi moyoni ya kuisikiliza mvua. Hilo nalo ni somo, na halina sapu.

*Hukumu:* Baadaye chuo kiliishiwa fedha, mabati yakauzwa, madarasa yakaezekwa nyasi. Kisingizio kikaisha, vipindi vikaendelea.

3. Matembezi ya siku 68

Najua, najua. Wengi mlitarajia hii iwe ya kwanza. Subirini.

Februari 1938, kutoka Changsha kwenda Kunming, wasichana na wenye afya dhaifu walipitia Hong Kong na Haiphong kwa reli na meli. Kundi jingine lilipita kusini kwa magari. Karibu wavulana 300 na walimu 11 wakaenda kwa miguu. Kilomita kama 1,600, sehemu chache tu wakipanda mashua au gari, kupitia milima ya Hunan, Guizhou na Yunnan, wamevaa sare za kijeshi na viatu vya majani, mwavuli wa karatasi ya mafuta mgongoni. Waliingia Kunming tarehe 28 Aprili.

Na hawakutembea tu. Mwanafunzi Liu Zhaoji alikusanya njiani nyimbo za wakulima na wachungaji zaidi ya 2,000, nyingine akaja kuzichapisha kitabuni 1946. Wen Yiduo alichora picha za vijiji na mahekalu. Zeng Zhaolun, mwenye viatu vile vya kuchungulia, alikataa kukata njia: wenzake wakiteremka kwa mkato, yeye alifuata kila kona ya barabara mpaka mwisho. Husimuliwa pia kwamba Mu Dan, aliyekuja kuwa miongoni mwa washairi wakubwa wa China wa karne ile, alibeba kamusi ya Kiingereza na Kichina. Akihifadhi ukurasa, anauchana. Kufika Kunming, kamusi imekwisha.

Kwa nini basi namba tatu? Kwa sababu mila ni jambo linalorudiwa. Matembezi haya yalifanyika mara moja, na asiyekuwepo hakuyapata. Ni ushujaa mkubwa kuliko yote kwenye orodha hii, lakini ushujaa wa mara moja haukulishi akili kwa miaka minane.

*Hukumu:* Wewe ukichana kurasa za kamusi utafukuzwa maktaba. Mu Dan alizichana, akawa mshairi.

2. Kukimbilia vilimani

Ndege za Japani zilianza kuipiga Kunming Septemba 1938. Mjini kulikuwa na kilima cha Wuhua. Ndege zikisikika zinakuja, mipira mikubwa myekundu ilipandishwa juu yake, kisha ving'ora. Ratiba ya chuo ikasogezwa: vipindi asubuhi mapema na alasiri, katikati ya mchana wakaachiwa marubani.

Watu wote wakatoka kwenda vilimani nyuma ya chuo. Na kwa kuwa kila siku ilikuwa hivyo, hofu ikachoka. Mvulana alimsubiri msichana akiwa na mfuko wa njugu. Wachuuzi wa peremende waliwahi kufika kuliko waliokimbia. Walimu walichukua miswada yao, wanafunzi vitabu vyao, na makaburi ya kale yakawa viti vya kusomea.

Kulikuwa na waliobaki. Wang Zengqi ameandika habari za msichana aliyeshangilia kila king'ora: watu wakiondoka, maji ya moto yote ni yake, anaosha nywele. Na mvulana mmoja aliyebaki kupika uji wa mbegu za yungiyungi, kwa kuwa jiko lilikuwa wazi. Siku moja bomu likaanguka karibu. Akaendelea kukoroga.

Namba mbili, hata hivyo, imepatikana kwa ajili ya mwalimu na mwanafunzi. Mwalimu ni Jin Yuelin, aliyefundisha mantiki na aliyekula meza moja na jogoo wake mkubwa. Mwanafunzi wa falsafa alifikiri hivi: watu wanakimbia na dhahabu zao, mwenye kukimbia na dhahabu huenda akaiangusha, ikiangushwa, kuna atakayeiokota, basi kwa nini nisiwe mimi? King'ora cha salama kikilia, alirudi akitazama chini. Akaokota pete ya dhahabu. Si mara moja, mara mbili.

Na mwalimu? Alitoka na mswada mkubwa wa kitabu chake juu ya maarifa, kazi ya miaka. Akaukalia mlimani usichafuke wala usipeperuke. Hatari ikapita, akainuka, akaenda zake, akausahau. Aliporudi, haupo. Jin hakuvunjika moyo. Alianza upya kutoka ukurasa wa kwanza, akamaliza 1948, na kitabu kikachapishwa 1983, mwaka mmoja kabla hajafa.

Haikuwa michezo. Watu walikufa Kunming, na Agosti 1941 mabomu yalipiga mabweni na maktaba ya chuo chenyewe. Mashambulizi yalipungua baada ya marubani wa Kimarekani wa kikosi cha Flying Tigers kuanza kuilinda anga ya mji Desemba ile. Lakini siku hizo zote, kipindi cha alasiri kilifundishwa.

*Hukumu:* Mantiki ilimpa mwanafunzi pete mbili na ikamnyima mwalimu wake mswada. Pete sijui ziliishia wapi. Kitabu kinasomwa hadi leo.

1. Migahawa ya chai

Naam. Kikombe cha chai kimewashinda wanaume 300 na milima ya mikoa mitatu. Rushani mawe, ila kwanza nisikilizeni.

Maktaba ya Lianda ilikuwa na viti vichache na taa hafifu. Watu walijazana mlangoni wakisubiri ifunguliwe. Nje ya chuo, mitaa ya Wenlin na Fengzhu, kulikuwa na migahawa ya chai yenye taa, meza, na wenye mgahawa wasiomfukuza mtu. Ukinunua kikombe kimoja, unakaa asubuhi hadi usiku, maji ya moto yanaongezwa. Mwanafunzi mmoja aliacha mgahawani mswaki, taulo na beseni lake. Alinawa uso hapo, akanywa chai hapo, akasoma hapo, akarudi bwenini kulala tu. Wang Zengqi aliandika hadithi zake za mwanzo kwenye meza hizo. Hata mtihani wa utangulizi wa falsafa aliuchukua, akaenda kuujibu mgahawani, akaurudisha.

Kilichopikwa pale zaidi kuliko chai kilikuwa ubishi. Wanafunzi watatu wa fizikia, Yang Chen Ning, Huang Kun na Zhang Shoulian, walianza alasiri moja kubishana juu ya maana ya kupima kitu katika fizikia ya kwanta. Wakabishana mgahawani. Wakaenda kula, wakarudi, wakabishana. Mgahawa ukafungwa, wakabishana njiani. Taa za bweni zikazimwa, wakapanda vitandani, wakabishana gizani. Mwisho wakainuka, wakawasha mishumaa, wakafungua kitabu cha Heisenberg ili kitoe hukumu.

Yang alipata Nobeli ya fizikia mwaka 1957, pamoja na Tsung-Dao Lee, ambaye naye alipitia Lianda. Huang Kun akawa mwasisi wa fizikia ya semikondakta nchini China. Sisemi chai ilileta Nobeli. Nasema chuo ni mahali ambapo mtu anaruhusiwa kubishana na mwenzake mpaka mshumaa uishe, na kwamba Lianda ilipokosa jengo la kufanyia hivyo, mwenye mgahawa alitoa lake kwa bei ya kikombe.

*Hukumu:* Walionunua kikombe kimoja wakakaa siku nzima walihesabiwa na wengi kuwa wavivu. Historia imewalipia kikombe cha pili.

Ile isiyopangiwa namba

Kuna moja sikuipanga, kwa sababu haina ushindani. Wanafunzi wa Lianda walijiunga na vita: kati ya 1943 na 1944 wavulana wa mwaka wa mwisho wenye afya walichukuliwa kuwa wakalimani wa majeshi ya Marekani, na wengine walijitolea mapema kuliko hao. Kwenye jiwe la kumbukumbu lililosimamishwa Mei 1946, chuo kilipofungwa, yamechongwa majina zaidi ya 800. Kichwa cha maandishi ya jiwe hilo kiliandikwa na Wen Yiduo, na wiki chache baadaye, tarehe 15 Julai, aliuawa kwa risasi mjini Kunming kwa sababu ya kuikosoa serikali hadharani. Ndevu alikuwa ameshanyoa. Mdomo alikataa kuufunga.

Vyuo vitatu vilirudi kwao Beijing na Tianjin. Chuo cha ualimu kilibaki Kunming, na leo ni Chuo Kikuu cha Ualimu cha Yunnan. Kiasi cha wanafunzi 8,000 walipita Lianda, na hakuna hata mmoja aliyesoma kwenye jengo ambalo mkaguzi wa leo angelipitisha.

Huo ndio msimamo wangu: chai ya kwanza, king'ora cha pili, matembezi ya tatu, na sibadilishi. Anayeona nimekosea alete hoja zake, azitetee mpaka usiku wa manane ikibidi. Lakini ajue kwamba kila dakika atakayobisha nitaihesabu kuwa kura ya namba moja.